Kulizunguka Ziwa Victoria kwa baiskeli: namna ya kupanga safari ya nchi tatu

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari ndefu ya baiskeli huanza na swali moja: "Hii yangu itafika?" Itafika. Simama pembeni ya barabara pale Lamadi asubuhi yoyote uone Phoenix za miaka mingi zikipita na magunia mawili ya mkaa na jogoo juu yake, na wenye nazo hawajamuuliza mtu kama zitafika. Ninachokiona kikikwamisha safari ni ratiba. Mtu anachukua ramani, anagawanya kilomita kwa 100, anaomba likizo ya wiki mbili, halafu siku ya tatu mvua inamkalisha chini ya kibanda cha chipsi tangu saa 8 mchana hadi jioni. Kuanzia hapo hasafiri tena, anakimbizana na karatasi aliyoiandika mwenyewe.

Kwa hiyo mwongozo huu unahesabu siku kwanza, kilomita baadaye. Mfano ninaoutumia ni mzunguko wa Ziwa Victoria kuanzia Mwanza: Musoma, Kisumu, Kampala, Bukoba, kisha kurudi. Ni kama kilomita 1,400 hadi 1,500 kutegemea unavyochepuka. Kwa safari ya kwanza ya kuvuka mipaka sijui njia bora kuliko hii. Nchi zote tatu zinaendesha kushoto, raia wa Afrika Mashariki hahitaji viza, na ukishindwa, basi la kukurudisha halipo mbali. Anayeota Cairo au Cape Town aanzie hapa.

Hatua ya 1: Tafuta mwezi mzima

Nimesema mwezi, na hesabu yake ni hii. Baiskeli yenye mzigo, kwenye lami yenye vilima vya kawaida, inakwenda kilomita 14 au 15 kwa saa. Mtu ambaye si mwanariadha anaweza kukaa juu ya kiti saa 5 kwa siku, siku baada ya siku, bila kuumia. Hiyo ni kilomita 70. Gawanya 1,450 kwa 70, unapata siku 21 za kuendesha. Kila siku ya tano upumzike, kwa hiyo ongeza siku 4 au 5. Kisha ongeza siku 4 ambazo hazina kazi yoyote. Ninaziita siku tupu. Hizi huziandikii mji wala shughuli. Ni za mvua, tumbo, fundi, msiba uliokukuta kwenye nyumba uliyolala ukaona aibu kuondoka kabla ya mazishi. Jumla, siku 30.

Kama una wiki mbili tu, usiibane safari hii ndani yake. Fanya nusu: Mwanza hadi Kisumu kwa starehe, urudi kwa basi na baiskeli kwenye buti.

Kuhusu majira, kanda ya ziwa ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, lakini pande za ziwa hazilingani. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza. Katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti ndio wakati mzuri kuliko yote. Januari na Februari zinafaa, ila jua la upande wa Magu na Bunda ni kali na kivuli ni haba.

Hatua ya 2: Chagua upande wa kuanzia

Unaweza kuzunguka kwa kupitia Geita na Bukoba kwanza, au kupitia Musoma kwanza. Mimi nasema Musoma, na sababu haina uhusiano na mandhari. Kutoka Mwanza hadi Bunda barabara ni tambarare kwa sehemu kubwa, mabasi ni mengi, na miji iko karibu karibu. Siku nne za kwanza ndizo kiti kinapouma, keria inapolegea na wewe unapogundua umesahau kitu. Mambo hayo yakupate mahali pepesi. Vilima vya Kagera vikukute miguu ikiwa imeshazoea.

Halafu kuna jambo ambalo picha za mitandaoni hazisemi: ziwa lenyewe huwezi kuliona kila siku. Barabara kuu inapita mbali na maji kwa sehemu kubwa, na unaweza kumaliza siku tatu ukiona mihogo, ng'ombe na migomba tu. Anayetaka maji lazima achepuke. Michepuko inayostahili siku zake, kwa maoni yangu, ni miwili. Wa kwanza ni Ukerewe, kwa kukata Bunda kwenda Kisorya na kuvuka kwa kivuko. Kisiwa hicho watu wake wanaishi juu ya baiskeli, hutaonekana kituko. Wa pili uko Kenya: badala ya kwenda hadi mjini Kisumu, ukifika Homa Bay unaelekea Mbita, unapanda feri hadi Luanda Kotieno, unatokea Bondo na Siaya kwenda Busia. Unapoteza Kisumu na fundi zake wazuri, unapata siku nzima isiyo na malori.

Njia yenyewe, kwa kifupi: Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda. Kati ya Lamadi na Bunda unapita ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti, karibu na lango la Ndabaka. Wanyama wanaweza kuwa kando ya barabara, kwa hiyo pita mchana na usisimame kupiga picha na nyani. Kisha njia panda ya Musoma, na ukipenda Butiama alipozikwa Mwalimu. Daraja la Kirumi juu ya mto Mara, Tarime, Sirari. Ukishaingia Kenya: Migori, Rongo, na hapo unachagua. Kisii ni njia ya wanaopenda kupanda. Mimi hukata kushoto kwenda Homa Bay na Kendu Bay, chini chini karibu na ziwa, hadi Kisumu. Baada ya Kisumu unapita Maseno, ambako unavuka ikweta kwenda kaskazini, na utaivuka tena kurudi kusini pale Kayabwe, kati ya Kampala na Masaka. Busia, Jinja, Kampala, Masaka, Mutukula, Kyaka, Bukoba, Muleba, Biharamulo, Geita, Sengerema, na daraja la JPM kati ya Busisi na Kigongo, lililofunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Hapo umebakiza safari fupi tu kuingia Mwanza.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa usifanye uvivu. Mtanzania, chukua pasipoti. Kwa Mkenya na Mganda, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka kati ya Kenya na Uganda, lakini ukiingia Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa kukaa kama mgeni hadi miezi 6 bila kulipia, ila afisa ndiye anayeandika siku kwenye muhuri, kwa hiyo mwambie mapema unasafiri kwa baiskeli na unahitaji wiki ngapi. Sipendi kumwona mtu anajibu "napita tu" halafu anapewa siku 7.

Kama una rafiki wa kutoka nje ya Jumuiya, kuna viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda: dola 100, siku 90. Tanzania haimo, kwa hiyo atahitaji viza mbili. Mzunguko huu unamfaa, kwa sababu Kenya na Uganda zinafuatana.

Kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa na siku hizi inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo anayekwambia kadi yako ya 2012 imekwisha muda, mwonyeshe tarehe kwa upole. Fuatilia pia taarifa za wizara za afya wiki mbili kabla ya kuondoka: Kagera ilipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, na Kampala ilipata Ebola mwanzoni mwa 2025. Yanapotokea hayo mipaka haifungwi lazima, lakini upimaji huongezeka na wewe mwenyewe unaweza kuamua kusubiri.

Risiti ya baiskeli, au angalau picha ya namba iliyogongwa chini ya fremu, chukua. Baiskeli inayong'aa inayorudi kutoka nchi jirani inaweza kuulizwa ushuru, na maneno matupu hayatoshi.

Mpakani penyewe, Busia na Mutukula ni vituo vya pamoja: muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongwa kwenye jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Hakikisha umeiona mihuri yote miwili kabla ya kuondoka dirishani. Mara ya kwanza afisa mmoja alinitazama kofia ya baiskeli, akatazama pasipoti, akaniuliza, "Mzee, mabasi yamegoma?" Nikamwambia naenda polepole nione nchi. Akagonga muhuri, akasema, "Haya, uone na jua lake." Ilikuwa saa 6 mchana.

Hatua ya 4: Baiskeli, hasa gurudumu la nyuma

Fremu ya chuma au alumini, gia au bila gia, watu wamefika kwa zote. Kwa vilima vya Kagera na Uganda ningependa uwe na gia nyepesi kweli: kibati kidogo cha mbele, penye pedali, kisizidi meno 26, kikubwa cha nyuma kisipungue 32. Zaidi ya hapo ni ladha ya mtu.

Tairi ndilo linalodanganya. Ukimwambia muuzaji "nipe inchi 28," anaweza kukupa tairi ya Phoenix na isiingie kwenye rimu yako ya inchi 28. Ni kwa sababu jina hilo linabeba vipimo viwili. Geuza tairi yako, tafuta namba ndogo ubavuni zenye kistari katikati, mfano 40-635 au 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale linapokaa kwenye rimu. 635 ni baiskeli za kizamani za mizigo. 622 ni za mbio na za kisasa. 559 ni inchi 26 ya baiskeli za milimani. Nakili namba ya pili kwenye simu, na dukani uiulize hiyo. Kama yako ni 559 au 635 utapata tairi kwenye miji mingi. Kama ni 622, beba moja ya akiba, ile inayokunjika.

Vali iwe ya aina ya pikipiki. Kila kijiwe cha bodaboda kina pampu yake.

Sasa spoku. Zinazokatika ni za gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo, kwa sababu huko ndiko zimevutwa zaidi na ndiko uzito ulipo. Na upande huo huo ndio huwezi kuingiza spoku mpya bila kufungua friwili, yale meno ya nyuma yanayoshika mnyororo. Mimi iliniponyoka moja nikipanda baada ya Kirumi, nikasukuma hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mwembe, kijana wa kama miaka 20, na kopo la grisi na tairi tatu zimening'inia.

"Shikamoo. Spoku zipo, mzee," akasema. "Ila friwili yako hii siwezi. Ina meno kwa ndani. Spana yangu ni ya masikio mawili."

Nikafikiri nalala pale. Yeye akachomoa spoku ndefu ya baiskeli ya mizigo, akakata kichwa chake, akaishika na koleo akaipinda mara mbili ikawa kama herufi Z, akaipenyeza kwenye tundu la habu kwa pembeni bila kugusa friwili. Akaikaza taratibu, akizungusha gurudumu na kusikiliza kama linagusa breki. Dakika 20. Spoku ile ilinifikisha Kisumu, na hadi leo nimeitunza kwenye kopo la misumari.

Funzo lake ni la gramu chache: nenda na spana ya friwili yako mwenyewe, hata kama hujui kuitumia. Fundi ana nguvu na ana spana kubwa ya kuishika, anachokosa ni kile kipande kinachoingia kwenye meno yako. Beba pia spoku sita za urefu wako kamili, tatu za kila upande, uzifunge kwa selotepu kwenye fremu. Mengine ni ya kawaida: tyubu mbili, viraka na gundi, vipande vya kuungia mnyororo, nyaya za breki na gia, spana za bolti zako zote, mafuta kidogo. Kabla ya kuondoka, mpe fundi unayemwamini gurudumu la nyuma akaze spoku zote upya. Hiyo ndiyo pesa bora utakayotumia.

Hatua ya 5: Mzigo

Kilo 12 hadi 15, bila maji. Nyingi zikae nyuma chini pande mbili, kidogo mbele. Usiweke begi mgongoni hata kama ni dogo. Saa ya tatu utalichukia.

Safari ya kwanza nilibeba jiko la gesi, sufuria, viatu vya kanisani na kitabu kinene. Bunda nikavitia kwenye boksi nikamkabidhi kondakta wa basi la Mwanza. Katika mzunguko huu jiko halina kazi, kwani huwezi kupita kilomita 30 bila kukuta chai. Hema jepesi nakubali, zaidi kwa ajili ya chandarua chake.

Vitu vya kukinga mvua visiwe mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na adhabu yake ni nzito, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tumia mifuko mizito isiyopitisha maji, au viroba vilivyoshonwa vizuri.

Nguo za rangi ya bluu na nyeusi ziache, angalau kwa kipande cha Biharamulo kinachopita jirani na mapori. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo na pia na kitu kinachotembea, na wewe utakuwa vyote viwili. Khaki au kijivu, mikono mirefu.

Hatua ya 6: Lala nje usiku mmoja kabla

Wiki tatu kabla, funga mzigo wote kama ulivyo, nenda Magu, ulale, urudi. Anayeishi Dar aende Bagamoyo. Ni kama kilomita 60 kila upande. Ukirudi, toa kila kitu sakafuni na uweke kando ambavyo hukuvigusa. Isipokuwa vifaa vya ufundi na dawa, vingi vya hivyo vibaki nyumbani. Angalia pia magoti: yakiuma kwa mbele, kiti kiko chini mno, yakiuma kwa nyuma, kiko juu mno.

Hatua ya 7: Pesa na simu

Kila nchi ina shilingi yake na hazifanani thamani. Ya Kenya ni nzito zaidi, ya Uganda ni nyepesi kuliko zote. Angalia bei ya siku hiyo kwenye simu kabla hujafika mpakani, badilisha kiasi cha siku mbili tu kwa wale wa mitaani, uhesabu mwenyewe, na kikokotoo kiwe chako. Noti zikiingia mfukoni mwako usizitoe tena "wahakikishe." Kiasi kikubwa badilisha benki au duka lenye leseni.

Bajeti ipange kwa siku vilevile: gesti, chakula mara tatu na maji, salio la simu, kisha uzidishe kwa 30, siku tupu zikiwemo. Kando yake weka nauli ya basi ya kutoka Kampala hadi nyumbani pamoja na mzigo. Pesa hiyo usiihesabu kama yako. Bima ya afya ya nyumbani usiitegemee ukishavuka. Kata ya safari inayotaja baiskeli na nchi zote tatu.

Pakua ramani za kutumika bila intaneti na uangalie miinuko, maana kilomita 60 za Muleba na kilomita 60 za Magu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hatua ya 8: Siku moja ilivyo

Kanda ya ziwa jua linachelewa. Tuko magharibi ya saa yetu, kwa hiyo linachomoza karibu saa 1 kasorobo asubuhi. Amka saa 11 na nusu, funga mzigo, uwe barabarani mwanga ukitosha. Kilomita 40 zipite kabla ya saa 5. Kula, pumzika, malizia 30 taratibu, uwe umefika saa 8 au 9. Baada ya hapo mawingu ya ziwa yanajikusanya. Usiku usiendeshe. Sina mjadala kwenye hilo.

Kioo cha pembeni na fulana ya kung'aa ni lazima kati ya Busia na Kampala, ambako malori ya mizigo ya kutoka Mombasa yanapita mfululizo. Ukisikia mawili yanakutana ulipo, moja mbele na moja nyuma, shuka kwenye udongo kabla hujaambiwa na honi. Msitu wa Mabira ni mzuri na barabara yake ni nyembamba. Pumua upande wa pili, Namawojjolo, kwa kuku wa kuchoma na gonja, ndizi zao za kuchoma. Kampala ingia Jumapili asubuhi. Siku nyingine yoyote pumzika nje ya mji uisubiri, siku tupu ni za hayo. Busia, ukisubiri chai, kumbuka kwamba neno bodaboda lilitokea hapo, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kati ya kituo kimoja na kingine wakiita "boda, boda." Umekaa kwenye kiti cha babu wa biashara ile.

Pa kulala: gesti zipo kila mji. Kijijini, uliza kwa mwenyekiti au mtendaji. Uganda ni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), Kenya ni mzee wa mtaa au chifu. Fika kabla ya giza, sema unatoka wapi na unakwenda wapi, waulize ni wapi panaruhusiwa. Parokia na shule hukubali mara nyingi. Salamu ya lugha ya mahali inafungua zaidi ya noti: wangaluka kwa Wasukuma asubuhi, erokamano kushukuru kwa Wajaluo, na kwa Waganda webale ssebo ukimshukuru mwanamume, webale nnyabo ukimshukuru mwanamke. Vijijini Uganda usitarajie Kiswahili. Tafuta askari au mfanyabiashara.

Afya. Usioge ziwani pwani yenye majani na maji yaliyotulia, kichocho kiko pande zote za ziwa hili. Chandarua kila usiku, na dawa ya kukinga malaria uongee na daktari wako kabla. Ukipata homa, pima siku hiyo hiyo. Kuhara kukikupata: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo, na siku hiyo usiendeshe. Mbwa wakikukimbiza, shuka utembee, baiskeli ikiwa katikati yenu; wengi hukata tamaa. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mwenye mbwa anakuapia.

Hatua ya 9: Andaa mlango wa kutokea

Chora kwenye ramani sehemu tatu ambapo unaweza kuacha bila aibu: Kisumu, Kampala, Bukoba. Kila ukifika mojawapo, kaa siku nzima ujiulize kama bado una siku tupu. Kama zimeisha na miguu nayo imeisha, panda basi. Kabla ya kupakia, geuza usukani uwe sambamba na fremu, toa pedali, funga mnyororo kwa kitambaa usichafue mizigo ya watu, na usimame hapo hadi mlango wa buti ufungwe.

Bukoba ina mlango mzuri kuliko yote. Kutoka hapo hadi Mwanza kwa barabara ni siku tano au sita za Muleba, Biharamulo na Geita. Lakini meli ya MV Victoria inaondoka bandarini jioni, inapita Kemondo, na asubuhi iko Mwanza. Kata tiketi mapema, lipia baiskeli kama mzigo na uchukue risiti yake. Ifunge mwenyewe kwa kamba kwenye fremu, si kwenye gurudumu, kwa sababu mizigo ya ndizi itaegemezwa juu yake bila kuulizwa. Kisha panda juu ukakae upande wa kulia wa meli. Ziwa ulilolizunguka mwezi mzima bila kuliona vizuri, sasa litakuwa pande zote.